Uso Uliovutwa

Kasulu ilikwisha kutoa hukumu kabla jalada halijafika mezani kwa Mkaguzi Msaidizi Anifa. Mume kamfumania mke pichani, damu imempanda, kachukua panga. Basi. Wauza ndizi sokoni walisema hivyo, waendesha bodaboda walisema hivyo, na hata Koplo Benedicto, mpelelezi mwenzake, mzaliwa wa Kitanga, alisema hivyo huku akipuliza kikombe cha chai.

"Afande, nisikufiche. Hata ningekuwa mimi, ningekata."

"Ungemkata nani?"

"Yule Mkongo."

"Na kama picha ni ya uongo?"

Benedicto akacheka. "Picha unaiona kwa macho yako, afande. Uongo wake uko wapi?"

Anifa alifungua jalada akasoma upya maelezo ya mtuhumiwa. Ridhiwani, mtu wa Tabora aliyeletwa Kasulu na shirika moja la kilimo awe bwana takwimu wao, alisema alifika ofisini asubuhi akakuta flashi juu ya meza yake. Akaichomeka kwenye laptopu. Ndani mlikuwa na picha moja tu, nayo ikajaa kioo kizima: mkewe Verediana, muuguzi katika zahanati ya kambi ya Nyarugusu, ameegemea kifua cha mwanaume kando ya maji, na mkono wa mwanaume huyo umemzunguka kiunoni. Uso wa mwanaume ulikuwa wa Léonard, mkimbizi kutoka Kongo aliyekuwa mkalimani wa zahanati hiyo hiyo. Ridhiwani akawaita wenzake wa ofisini waje waone kwa macho yao. Wakaona. Kisha akatoka, akawasha pikipiki, akaenda hadi nje ya lango la kambi, akamkata Léonard mkono wa kulia. Pigo la pili lilikuwa la shingo. Lilikosa kwa sababu muuza mihogo mmoja alimdaka kwa nyuma.

Wakili wa Ridhiwani alikwisha kusema atakalosema mahakamani: mteja wake alighadhibishwa ghafla, hakukusudia. Mwendesha mashtaka naye alikuwa akisubiri jalada ili aamue kama ni kosa la kujeruhi au la kujaribu kuua. Wakati huo huo Verediana alikuwa amefukuzwa nyumbani na ndugu wa mume, mtoto wamebaki naye, na zahanati imemwambia apumzike kwanza mpaka maneno yapoe.

"Siku hizi mtu akitaka kumchoma mwenzake roho anamtumia picha kwenye simu," Anifa alisema. "Nani anahangaika na flashi?"

"Mtu asiyetaka namba yake ijulikane."

"Na akaijua meza ya Ridhiwani, akaingia ofisini, akatoka, asionekane na mlinzi?"

Benedicto akaweka kikombe chini. "Basi tuanze na wenye wivu, afande. Wako wengi."

Wa kwanza alikuwa Nsimire, mke wa Léonard. Walimkuta hospitalini, ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda, kitenge amekivuta hadi mabegani kwa baridi. Léonard alikuwa amelala, mkono umefungwa mpaka begani, umeinuliwa juu ya mto.

"Pole, mama," Anifa alisema.

"Asante, mama afande. Dokta anasema vidole havisikii kitu. Wanangojea. Kama damu haipiti, watakata."

"Kuna watu kambini wanasema uligombana na Verediana."

Nsimire hakugeuka. "Niligombana naye, ni kweli. Nilikuwaka na jaluzi."

"Jaluzi?"

"Wivu, mama. Njo hiyo. Kila siku, Léonard kuja hapa, Léonard kuja pale. Bwana yangu akirudi jioni, midomo imechoka, kwangu hana tena maneno. Nikamwambiaka ule mama: unamumaliza, uniachie kidogo. Akacheka, akanipa sukari na sabuni. Hakunitukana." Akamfuta mumewe jasho. "Lakini foto, hapana. Mi sina telefone ya kufanya foto. Na kama ningekuwa nayo, ningemuweka bwana yangu na mwanamuke mwingine, watu wote waone? Nijiletee haya mi mwenyewe?"

Walipotoka, Benedicto alimfungulia Anifa mlango wa gari. "Huyo si yeye," alisema.

"Kwa nini?"

"Mwenye kuumwa hivyo angetaka kuficha, si kutangaza."

Anifa akamtazama kwa upande. Ndilo neno la maana la kwanza alilolisikia likitoka kinywani mwa koplo wake katika kesi hiyo.

"Nani anajua kutengeneza picha, na ana sababu?" aliuliza.

"Kama ni hivyo, afande, twende Kibondo."

Kibondo alikuwako Shadia. Ridhiwani alipoanza kazi mkoani Kigoma alipangiwa huko kwanza, akamchumbia Shadia, mahari ikazungumzwa, ndugu wakajulishana. Kisha akahamishiwa Kasulu, akakutana na Verediana, na Shadia akapata habari za ndoa ya bomani kutoka kwa watu. Alikuwa na stashahada ya usanifu wa picha, na ofisi yake karibu na stendi ndiyo iliyotengeneza nusu ya mabango ya wilaya.

Kielelezo chenyewe, ile flashi, kilikuwa kimefungwa kwa lakiri katika chumba cha vielelezo. Anifa alibeba nakala ya picha kwenye flashi nyingine, iliyotolewa mbele ya mashahidi. Waliondoka kesho yake alfajiri. Njia nzima ukungu ulikuwa umelalia migomba, na walipofika Kibondo jua ndiyo kwanza lilikuwa likichomoza mawinguni.

Shadia aliwapokea amesimama. Hakuwakaribisha viti mpaka Anifa alipoonyesha kitambulisho.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Nimeshangaa mmechelewa."

"Ulijuaje?"

"Afande, mji huu mdogo. Mtu akiumwa tumbo nyumbani kwa Ridhiwani, wananitazama mimi. Haya, nionyesheni."

Benedicto alisita, lakini Anifa akampa nakala. Shadia akaiweka kwenye kompyuta yake. Alikuwa akimtazama mwanamke, si mwanaume.

"Mzuri kumbe," alisema hatimaye. "Siku zote nilikuwa naomba awe mbaya."

"Uliitengeneza wewe?"

"Wivu ninao, siukatai. Nikisikia wamejenga, silali. Nikisikia wamepata mtoto, nafunga ofisi nalia. Lakini hii si kazi yangu. Njoo uone."

Akabofya, vipimo vya picha vikajitokeza pembeni.

"Elfu moja mia tatu sitini na sita kwa mia saba sitini na nane. Hizo ni pikseli, vitone vinavyofanya picha, vya upana na vya urefu. Nitajie simu inayopiga picha ya vipimo hivyo. Hakuna. Kamera pia hakuna."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo picha hii ilikatwa makusudi. Watu wanakuja hapa wanataka picha ya kuweka kwenye kompyuta, wananiambia, 'Nipe nukta mia tatu kwa inchi.' Hizo za inchi ni za kuchapa, ni za bango na karatasi. Kioo hakijui inchi. Kioo kina pikseli zake kwa upana na kwa urefu, basi. Ukikipa picha ndogo, programu inaivuta mpaka ijae, inakuwa na ukungu. Ukikipa kubwa kupita kiasi, inaibana, hupati faida yoyote, unaipa mashine mzigo tu. Anayejua anakipa kile kile kinachokitosha. Na hivi vipimo ni vya kioo cha laptopu, zile za kawaida, za ofisi nyingi."

Anifa akavuta kiti akaketi. "Mtu aliitayarisha picha hii ijae kioo chake."

"Bila kubaki hata uzi. Hii ni picha ya mbele, ile unayoiona ukiwasha mashine. Wolpepa. Sasa njoo usoni."

Akaikuza. Mashavu ya Verediana yalikuja karibu, laini, mpaka vinyweleo vya paji la uso vikaonekana. Maji nyuma yake yalikuwa maji. Kola ya shati la mwanaume ilionyesha hata mishono. Kisha Shadia akapandisha picha kutoka kolani hadi usoni, na hapo kila kitu kikabadilika. Uso wa Léonard ulivunjika ukawa viraba viraba, kama ukuta wa tofali usiopigwa lipu.

"Mungu wangu," Benedicto alinong'ona.

"Uso huu ulikuwa kapicha kadogo," Shadia alisema. "Kama zile za wasifu kwenye WhatsApp. Umevutwa ufikie ukubwa wa mwili ambao si wake. Ukitazama kwa mbali, na hasa ukiwa na hasira, huoni. Ukisogea unaona. Uso ni wa huyo Mkongo wenu. Mwili ni wa mtu mwingine, aliyepigwa picha na Verediana kweli."

"Na kwa nini nisiseme uliivuruga makusudi ili nisikushuku?"

Shadia akatabasamu kwa mara ya kwanza, tabasamu chungu. "Afande, ningeitengeneza mimi, mngekuwa bado mnaamini. Tena, uso wa mkalimani wa kambini ningeutoa wapi? Mimi namba yake sina."

Nje, Benedicto aliegemea gari. Hakuwa tena na kicheko.

"Kama mwili si wa Léonard," alisema, "basi Verediana ana mwanaume mwingine."

"Labda. Tukamuulize yeye. Hivi kuna mtu aliyewahi kumwonyesha hii picha?"

Benedicto akafikiri. "Sidhani, afande."

Verediana alikuwa Kitahana, nyumbani kwa mama yake, akichambua maharage kwenye ungo. Mama alisimama mlangoni kama mlinzi.

"Mwakeye, mama," Benedicto alimwamkia Kiha.

"Mwakeye," mama alijibu, bila kusogea. "Mmekuja kumfunga?"

"Hapana, mama. Tumekuja kumuuliza jambo."

Verediana akanyanyuka, akajipangusa mikono. Alikuwa amekonda kuliko kwenye picha. Anifa alitoa nakala iliyochapwa, lakini kabla ya kumpa akaifunika kwa bahasha sehemu ya uso wa mwanaume.

"Kila mtu ameiona isipokuwa mimi," Verediana alisema. "Wifi yangu alinieleza nilivyokaa, nilivyovaa. Nilipoomba niione, akanitemea mate."

"Tazama. Mwanaume huyu ni nani?"

Verediana alitazama, na uso wake ukalegea, kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti anayoipenda.

"Si Ridhi huyu? Mume wangu. Hapa ni Kigoma, ziwani. Nilikuwa na mimba, bado hata hatujawaambia watu. Hilo shati nilimnunulia mimi." Akainua macho. "Mbona mnanionyesha hii? Ile picha yenyewe iko wapi?"

Anifa akaondoa bahasha.

Kuku akayaingilia maharage kwenye ungo, hakuna aliyemfukuza. Mama alisogea akachungulia juu ya bega la bintiye, akashika mdomo.

"Kajikata mwenyewe," Verediana alisema polepole. "Kajikata kichwa, kamweka Léonard."

"Usiende haraka. Nani mwingine ana picha hii?"

"Hakuna. Simu iliyoipiga iliibwa. Ilibaki kwenye laptopu yake. Aliiweka mbele, ukiwasha tu unaiona."

"Na hiyo laptopu nani huigusa?"

"Mtoto akiisogelea anachapwa. Nywila yake hata mimi siijui."

"Namba ya Léonard, Ridhiwani anayo?"

"Aliitoa kwenye simu yangu. Kila siku anakagua simu yangu, afande. Aliniambia ni mapenzi."

Anifa alirudisha picha kwenye bahasha. "Nakuuliza kwa sababu ya kazi, usichukie. Wewe na Léonard, kuna kitu?"

Verediana hakuchukia. "Mama wa Kikongo anakuja na mtoto anatapika, anasema Kibembe, mimi sielewi. Léonard ananiambia mtoto kala nini, kaanza lini. Hiyo ndiyo kazi yetu. Nikirudi nyumbani namsimulia Ridhi: leo Léonard kasema hivi, leo Léonard kanifundisha neno hili. Nilidhani namsimulia kazi."

Walimwomba aende nao Kasulu kuandika maelezo. Alivaa viatu. Mama yake alimfunga kitenge kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia kwa Kiha aende, "Genda."

Ridhiwani aliletwa kutoka mahabusu, nadhifu, ndevu kanyoa. Wakili wake aliketi kando yake. Juu ya meza kulikuwa na laptopu ya Ridhiwani, nayo ilikuwa kielelezo, na ofisa wa kompyuta wa polisi alikuwa amekaa tayari kushuhudia kila kitakachobofywa. Anifa alimsomea onyo, kisha akaanza taratibu, kama mtu aliyekuja kufunga tu jalada.

"Ile picha ya kwenye flashi, uliwahi kuiona kabla ya siku ile?"

"Kamwe."

"Mahali hapo unapajua?"

"Nitapajuaje? Huko huko walikokuwa wakifichana."

"Shati la mwanaume?"

"La huyo Mkongo. Afande, mbona unanirudisha kwenye kidonda?"

"Nakwambia ukweli, nami naumia kukuuliza. Tupe nywila ya mashine."

Ridhiwani alimtazama wakili, wakili akatazama hati ya upekuzi, akaitikia kwa kichwa. Nywila ikatolewa. Kioo kikawaka: rangi ya bluu tupu, haina picha yoyote. Mabega ya Ridhiwani yakashuka kidogo, naye Anifa akaliona hilo.

"Ofisa, tusomee vipimo vya kioo hiki."

"Elfu moja mia tatu sitini na sita kwa mia saba sitini na nane."

"Vya picha ya kwenye flashi?"

"Hivyo hivyo, afande."

"Laptopu za namna hii ziko nyingi," wakili alisema.

"Kweli, ziko nyingi," Anifa alikubali. "Ofisa, fungua mpangilio wa picha ya mbele."

Ofisa akabofya. Chini ya ile bluu kukatokea safu ya vijipicha, vile ambavyo mashine huvihifadhi vikiwa vimekwisha kutumika hapo mbele. Cha pili kilikuwa na maji. Anifa akasema, "Hicho." Kikafunguka, kikajaa kioo kizima, hakikubaki hata uzi.

Verediana ameegemea kifua. Mkono umemzunguka kiunoni. Shati lile lile, mishono ile ile, na juu ya kola, uso wa Ridhiwani, anacheka mpaka macho yamefumba.

Koplo Benedicto aliinama akatazama, akainuka, akaenda kusimama dirishani akiwapa mgongo.

"Mteja wangu hatajibu—" wakili alianza.

"Niache," Ridhiwani alisema.

"Ridhiwani, nakushauri—"

"Niache, nimesema!" Akageuka kwa Anifa. "Sawa. Picha nimetengeneza mimi. Lakini picha ndiyo ya kutengeneza, afande. Jambo lenyewe ni la kweli."

"Umeliona wapi hilo jambo?"

"Unadhani lazima mtu aone? Mke wangu alianza kusema kama wao. Akiniita mezani anasema 'kuya tule' badala ya 'njoo tule', anacheka peke yake. Namuuliza unacheka nini, anasema Léonard leo kasema hivi. Anakoroma usingizini, nasikiliza jina gani litatoka. Nimekaa hivyo tangu masika."

"Jina lilitoka?"

"Halikutoka. Ni mjanja."

"Kwa nini uliwaita wenzako ofisini waje kuona?"

Akafikiri kama mtu anayetaka jibu liwe sahihi. "Nikimkata mtu kwa kuhisi, mimi ni mwendawazimu. Nikimkata kwa picha, mimi ni mwanaume. Ninyi nyote mlisema hivyo. Muulize huyo koplo wako, nilimsikia mahabusu."

Benedicto hakugeuka. Ofisa wa kompyuta aliendelea kuandika mpaka kalamu ikafika mwisho wa ukurasa. Wakili alikuwa amefunga faili lake. Yeye ndiye wa kwanza kuelewa kwamba neno "ghafla" halikuwa tena na mahali pa kukaa: mtu aliyekaa na mashine yake akaukata uso wake mwenyewe kwa uangalifu, akautafuta wa mwenzake, akauvuta hadi ulingane na shingo, hakughadhibishwa ghafla.

"Nina ombi moja," Ridhiwani alisema. "Mke wangu yuko hapa. Nimesikia sauti yake koridoni. Nataka kumwona."

Anifa alitoka, akamweleza Verediana yote yaliyotokea mle chumbani, bila kupunguza. Akamwambia pia kwamba halazimiki. Verediana alisikiliza akiwa amesimama, akauliza kama Léonard atapona mkono. Anifa akasema hajui. Kisha Verediana akasema ataingia.

Alisimama karibu na mlango. Ridhiwani alijaribu kuinuka, askari akamgusa bega, akaketi. Anifa aliona macho ya yule mwanaume yakijaa machozi, akadhani sasa atamwomba mkewe msamaha.

"Vere," Ridhiwani alisema, kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza. "Mimi naenda jela. Huna tena cha kuogopa. Niambie ukweli. Ulikuwa naye?"

Verediana alimtazama kama muuguzi anayemtazama mgonjwa aliyekwisha kumaliza dawa zote.

"Hata leo, Ridhi?"

"Sema tu. Ndiyo au siyo. Nitakusamehe."

Verediana akageuka kwa Anifa. "Afande, nitaandikia wapi maelezo yangu?"

Anifa akamfungulia mlango. Walikuwa wamefika katikati ya korido waliposikia kiti kikianguka na Ridhiwani akipiga kelele, "Jibu! Verediana, jibu!" Verediana hakusimama. Aliingia chumba cha pili, akavuta kiti, akataja jina lake kamili, jina la baba yake, na kijiji alichozaliwa, akangoja Koplo Benedicto aliyemfuata apate kuandika.